Ubia Si Msaada: Namna Mataifa Yalivyoungana Dhidi ya Upofu wa Mtoni



Mada niliyopewa ni pana kuliko muda niliopewa, nayo ni ushirikiano wa mataifa katika kutekeleza Malengo ya Maendeleo Endelevu. Malengo hayo yalipitishwa na nchi zote 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa mjini New York, tarehe 25 Septemba 2015. Yako 17, na chini yake yamo makusudio 169, na muda uliowekwa unakoma mwaka 2030. Lengo la 17, ambalo ndilo la mwisho, halitaji njaa, wala maji, wala maradhi. Linataja njia ya kuyafikia yote yaliyotangulia, yaani ubia wa dunia nzima. Kwa kuwa limewekwa mwisho, wasomaji wengi hulifikia wakiwa wamechoka, na hulipita kana kwamba ni maneno ya kufungia kikao.

Ningeomba tulitazame neno lenyewe. Wazee wetu wa pwani walijua ubia ni nini. Walipoingia ubia wa jahazi, mmoja alitoa chombo, mwingine alitoa mtaji wa bidhaa, nahodha na mabaharia wakatoa ujuzi na nguvu zao. Faida ikipatikana kila mmoja alikuwa na fungu lake, na chombo kikizama hasara nayo ilikuwa na wenyewe. Hakuna aliyeweza kushuka katikati ya bahari akasema kuwa yeye alikuwa akisaidia tu. Msaada ni jambo jingine kabisa. Mwenye kutoa msaada hutoa apendapo na huacha apendapo, na mwenye kupokea hana mlango wa kubisha kuuliza kwa nini. Mataifa yametia saini ubia, lakini mara nyingi yametenda msaada. Tofauti ya mambo haya mawili si ya maneno matupu, nami nataka kuionyesha kwa mfano wa ugonjwa mmoja tu, badala ya kuwasomea orodha ya makusudio 169.

Ugonjwa huo kitaalamu huitwa onkosakiasi. Wengine huuita upofu wa mtoni, na sisi Tanzania tumezoea kuuita usubi, kwa jina la yule inzi mdogo mweusi anayeueneza. Inzi huyo hutaga mayai katika maji yaendayo kasi, penye mawe na maporomoko, na mabuu wake hukulia humo. Jike lake huuma watu mchana ili kupata damu, na kwa kuuma huko huhamisha vijiminyoo kutoka kwa mtu hadi mtu. Minyoo iliyokomaa hukaa chini ya ngozi katika vinundu, nayo huweza kuishi humo miaka kumi hadi kumi na mitano, ikizaa vijiminyoo vichanga kwa mamilioni. Vichanga hivyo hutembea ndani ya ngozi na kuleta muwasho usiomwacha mtu alale, ngozi huchakaa na kufanya mabaka kama ya chui, na vikiingia machoni mwisho wake ni upofu usioponyeka.

Tazameni sasa ukatili wa jambo hili. Mahali penye mto uendao kasi ndipo penye rutuba. Kwa hiyo watu wa Afrika Magharibi walilazimika kuchagua kati ya njaa na upofu. Katika mabonde ya mito ya Volta vilikuwako vijiji ambamo watu wazima wengi walikuwa vipofu, na watoto waliacha mengine yote wakawa kazi yao ni kushika ncha ya fimbo na kuwaongoza wazazi wao. Hatimaye watu walihama, wakaiacha ardhi nzuri, wakajazana kwenye miinuko yenye udongo uliochoka.

Je, serikali moja haikuweza kuumaliza ugonjwa huu peke yake? Kuna mahali iliwezekana. Katika bonde la Kodera, huko Nyanza nchini Kenya, watafiti Garnham na McMahon walitia DDT mitoni mwaka 1946 na inzi wa bonde hilo wakatoweka. Lakini bonde hilo lilikuwa limejitenga, na inzi wake hawakuwa wa kusafiri mbali. Inzi wa mito ya Volta walikuwa wa namna nyingine. Upepo wa majira ya mvua huweza kuwachukua mamia ya kilometa, na njiani hawaulizwi pasi wala kitambulisho. Nchi moja ikisafisha mito yake kwa gharama kubwa, mwaka unaofuata inzi wanarudi kutoka kwa jirani. Hapa ubia haukuwa suala la wema wa mtu. Hesabu yenyewe ilikataa kukaa sawa bila ya jirani.

Mwaka 1972 Robert McNamara, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Benki ya Dunia, alizuru nchi iliyoitwa Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, akayaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa pamoja wa nchi saba, yaani Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Ghana, Mali, Niger na Togo. Shirika la Afya Duniani lilipewa kazi ya kuuendesha kutoka Ouagadougou, Benki ya Dunia ikapewa kazi ya kukusanya fedha kutoka kwa wafadhili, na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa wakawa wadhamini wenza. Kila mmoja alijua fungu lake. Kwa miaka mingi mpango huo uliongozwa na daktari Mwafrika, Ebrahim Samba wa Gambia, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa kanda ya Afrika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na isiyo na fahari. Helikopta zilipita juu ya mito kila wiki, kwa kuwa mabuu hukomaa kwa muda wa kama wiki moja, zikidondosha dawa katika maporomoko. Wiki moja ikirukwa, kizazi kizima cha inzi kinaruka. Na kwa kuwa mnyoo mzima huishi mwilini mwa mtu miaka kumi na zaidi, ilibidi kazi hiyo ya kila wiki iendelee hadi minyoo ifie ndani ya watu kwa uzee wake. Fikirini wenyewe ni mfadhili gani wa leo atakayekubali kusaini andiko linalosema kuwa matokeo kamili yataonekana baada ya miaka kumi na minne! Siku hizi andiko la miaka mitatu linahesabiwa kuwa ni refu.

Mitihani haikukosekana. Inzi waliizoea dawa ya kwanza, ikabidi watafiti watafute nyingine na kuzipokezana ili wasizoee tena. Inzi wengine walirudi kwa upepo kutoka nje ya eneo, basi katika miaka ya 1980 mpango ukapanuliwa hadi nchi kumi na moja, zikaongezwa Guinea, Guinea-Bissau, Senegal na Sierra Leone. Katika nchi hizo yalipita mapinduzi ya kijeshi, na mwishoni mwa mwaka 1985 Mali na Burkina Faso zilipigana vita vya siku chache. Hata hivyo ubia haukuvunjika. Ulipofungwa rasmi mwaka 2002, ilihesabiwa kuwa watu 600,000 wameepushwa na upofu, watoto milioni 18 wamezaliwa katika ardhi isiyo na hatari hiyo, na hekta milioni 25 za ardhi ya kilimo zimerudi mikononi mwa wakulima. Gharama yake haikufika dola moja ya Marekani kwa mwaka kwa kila mtu aliyelindwa. Ni Sierra Leone tu iliyobaki nyuma, kwa sababu ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe.

Nimekaa sana Afrika Magharibi. Sasa niwahamishe kidogo hadi Japani. Katika miaka ya 1970 mtafiti Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato alichota udongo karibu na kiwanja cha gofu katika mji wa Ito, akatenga humo bakteria na kuwapeleka kwa wenzake wa kampuni ya Merck nchini Marekani. Huko William Campbell na wenziwe wakapata dawa ya minyoo ya mifugo, ivermectin. Omura na Campbell walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, mwaka ule ule wa Malengo Endelevu. Lakini kuna jina la tatu lisilotajwa sana, nami sitaki lipite hivi hivi. Ni Mohammed Aziz, daktari mzaliwa wa nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Akiwa mtumishi wa kampuni hiyo, yeye ndiye aliyesisitiza kuwa dawa hiyo huenda ikafaa kwa binadamu, na mwaka 1981 akaongoza majaribio ya kwanza kwa wagonjwa nchini Senegal. Vijiminyoo vilikufa, na wagonjwa wakapata nafuu kwa dozi moja ya kumeza.

Swali likawa: nani atainunua? Wenye ugonjwa hawakuwa na fedha, na wenye fedha hawakuwa na ugonjwa. Mwezi Oktoba 1987 mkuu wa kampuni hiyo, Roy Vagelos, alitangaza kuwa dawa itatolewa bure, kwa kiasi chote kitakachohitajika, kwa muda wote utakaohitajika. Wapo wasemao kuwa kampuni kubwa haitoi kitu bila ya kuangalia jina lake. Na iwe hivyo. Ahadi ile imetekelezwa tangu siku hiyo hadi leo, na mimi naipima ahadi kwa kutekelezwa kwake.

Hata hivyo dawa ya bure bandarini si dawa kinywani mwa mgonjwa. Baada ya mwaka 1987 makopo yalikuwako, lakini magari ya afya yalifika katika vijiji vichache, na yakiharibika kazi ilisimama. Ufumbuzi ulipatikana pale nchi za Afrika zisizokuwa katika mpango wa kwanza, Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo zikiwamo, zilipoanza mpango wao Desemba 1995. Baada ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, mwaka 1997 mpango huo uliweka utaratibu kuwa wanakijiji wenyewe ndio waendeshe ugawaji. Kijiji hukutana na kuchagua mgawa dawa kinayemwamini, huamua mwezi gani dawa itolewe na kama itagawiwa nyumba kwa nyumba au penye mti wa mkutano. Mgawa dawa hufundishwa kwa muda mfupi, hupewa daftari la majina na kijiti chenye alama za kupimia urefu, kwa kuwa idadi ya vidonge hufuata urefu wa mtu. Mtoto mdogo asiyefikia alama ya kwanza hapewi, wala mama mjamzito. Hakuna mizani wala umeme unaohitajika. Kwa njia hiyo mamilioni kwa mamilioni ya watu walifikiwa kila mwaka katika maeneo ambayo daktari hajapata kukanyaga.

Hapa ndipo ninapopaona pana siri ya jambo lote. Mpango wa helikopta ulikuwa ubia wa mataifa, na mwanakijiji alikuwa akitazama juu tu. Mpango wa pili ulimfanya yeye kuwa mbia, kwa kuwa alitoa mtaji wake, yaani muda wake, miguu yake na heshima yake mbele ya majirani.

Lakini haki itendeke na katika kuhesabu. Mgawa dawa aghalabu halipwi. Huacha shamba lake siku kadhaa kila mwaka, hutembea vitongojini, husikiliza maneno ya wale wanaodai kuwa dawa inaondoa uzazi, na jioni hurudi nyumbani mikono mitupu. Wakati huo huo afisa aliyekuja kumsimamia kutoka mjini amelipwa posho ya kulala na ya chakula. Sisemi kuwa kila mgawa dawa awe mtumishi wa serikali. Nasema kuwa katika ubia wa kweli mtaji wa kila mmoja huandikwa daftarini, na mtaji wa huyu haujaandikwa. Kwa nini tunashangaa wengine wanapochoka baada ya miaka kumi na kuacha?

Na kuchoka kuna madhara. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, dawa ilianza kugawiwa katika miaka ya 1990, lakini zaidi ya miaka ishirini baadaye watafiti waliwakuta watoto ambao bado wameambukizwa. Zaidi ya hayo, Mahenge ndiko ambako daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliandika katika miaka ya 1960 juu ya wingi wa kifafa, na juu ya watoto wanaotikisa kichwa kama wenye kusinzia. Ugonjwa kama huo umeonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na tafiti za miaka ya karibuni zinauhusisha na usubi. Kwa hiyo kijiji kinachorukwa mwaka huu kinaweza kulipa kwa mtoto anayeanguka mekoni. Kaskazini mwa Uganda wanavijiji wamejaribu pia kufyeka majani yaliyolala ndani ya maji ambayo mabuu hujishika, na inzi wanaouma wakapungua sana. Ni kazi ya panga na siku chache za msaragambo, wala haikuhitaji helikopta.

Niseme sasa habari ya fedha, ingawa najua baada ya chakula cha mchana habari hii huleta usingizi. Tarehe 24 Oktoba 1970 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kuwa kila nchi tajiri ifikishe msaada wa asilimia 0.7 ya pato lake. Ahadi hiyo imerudiwa ndani ya Lengo la 17. Mwaka 2024, miaka zaidi ya hamsini baadaye, nchi zilizoifikia zilikuwa nne tu, yaani Denmark, Luxembourg, Norway na Sweden. Wastani wa nchi wafadhili ulikuwa asilimia 0.33. Uingereza, iliyokuwa imeifikia mwaka 2013 na kuitungia sheria mwaka 2015, iliteremka hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kuwa itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Marekani, ambayo tangu mwaka 2006 ilikuwa mlipaji mkubwa wa ugawaji wa dawa za magonjwa haya yasiyopewa kipaumbele, ilivunja shirika lake la misaada, na tarehe 1 Julai 2025 shirika hilo likakoma rasmi.

Si nia yangu kulaumu taifa lolote. Kila taifa lina walipa kodi wake na linawajibika kwao. Ninachotaka kionekane ni tofauti ile niliyoanza nayo. Kampuni iliyoahidi dawa kwa muda wote utakaohitajika imebaki. Mgawa dawa amebaki. Aliyeweza kushuka jahazini katikati ya bahari ni yule aliyekuwa akitoa msaada, na alipoondoka ilibainika kuwa vitu alivyokuwa akivilipia ni vidogo sana kwa thamani: mafuta ya gari kutoka bohari ya wilaya hadi zahanati, mafunzo ya siku mbili, madaftari, na upimaji wa damu za watoto ili kujua kama maambukizi yamekatika. Kwa kukosa vitu hivyo, dawa iliyotolewa bure inaweza kufikia ukomo wake wa matumizi ikiwa ghalani.

Serikali zetu nazo zina deni. Mjini Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ni nchi chache mno zilizowahi kuifikia, na si kila mwaka. Mtu aliyeweka saini Abuja na akaweka saini New York hawezi kuuita ubia ikiwa fungu lake mwenyewe hajalitia.

Zipo habari za kutia moyo. Mwishoni mwa Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Niger imeukomesha usubi. Ni nchi ya kwanza barani Afrika na ya tano duniani, baada ya Colombia, Ecuador, Mexico na Guatemala. Mtakumbuka kuwa Niger ilikuwa mmoja wa wale wabia saba wa mwaka 1974. Kutoka helikopta ya kwanza hadi cheti ni nusu karne. Shirika hilo limeweka shabaha ya nchi 12 ifikapo mwaka 2030, na karibu wagonjwa wote waliobaki duniani wako Afrika na Yemen.

Wengine wenu mnaketi katika mabaraza ya madiwani, na wengine mna nafasi ya kusema katika mikutano ya vijiji. Bajeti za halmashauri zinapopangwa, kuna swali ambalo si gumu kuliuliza: safari hii, kazi iliyokuwa ikilipiwa na mfadhili, mafuta na mafunzo na madaftari, imeandikwa katika kifungu gani, na ni kiasi gani? Isipokuwamo, iandikwe kabla ya kitabu kufungwa. Na ninyi mnaokaa karibu na mipaka, Kyela upande wa Malawi, au ndugu zetu wa Uganda wanaotazamana na Kongo, ulizeni swali la pili: upande wa pili wa mto dawa imegawiwa mwezi gani? Iwapo sisi tunagawa Machi na wao Oktoba, au wao hawakugawa kabisa kwa sababu ya vita, basi inzi wa usubi ana miezi mingi ya kufanya biashara yake kati ya kingo mbili. Maafisa wa wilaya mbili zinazopakana huweza kukubaliana juu ya mwezi mmoja kwa kikao cha siku moja. Nauli ya kikao hicho nayo iwekwe katika kifungu hicho hicho.